Vidonda vya Nepi kwa Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Wakati

Mama, mtoto wako amezaliwa kabla ya wakati. Ulimtazamia baada ya miezi tisa, naye amekuja mapema, mdogo, mwepesi kuliko kuku. Siku za kwanza uliogopa kwa ajili ya pumzi yake, na joto la mwili wake, na maziwa ambayo hakuwa na nguvu ya kuyavuta. Sasa anapumua vizuri, ananyonya kidogo kidogo, na uzito unapanda. Ndipo siku moja unafungua nepi na kuona matako yake mekundu kama nyama mbichi. Ukimgusa, analia. Kesho yake ngozi imechubuka na majimaji yanatoka.

Utafanya nini? Akina mama wengi hufanya mambo mawili upesi. Kwanza humsugua mtoto kwa sabuni, kwa maana hudhani kidonda kimeletwa na uchafu. Pili hutafuta dawa ya kupaka, yo yote iliyo karibu. Mambo haya mawili hutoka katika upendo, lakini kwa mtoto wa namna hii yote mawili ni hatari. Somo hili litakuonyesha sababu, na kukufundisha njia iliyo bora. Neno lake kubwa ni hili: ngozi ya mtoto huyu haijamaliza kujengwa. Kazi yako ni kuikinga mpaka imalize.

Ukuta uliopakwa udongo mara moja tu

Mtoto akizaliwa kabla ya majuma 37 ya mimba kutimia, husemwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati. Jirani zetu wa Tanzania humwita njiti. Si jambo la ajabu, wala si la mama mmoja. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa hivyo ulimwenguni, yaani karibu mtoto mmoja katika kila kumi.

Fikiri nyumba ya miti na udongo. Ukuta uliopakwa udongo mara nyingi huzuia mvua na upepo. Ukuta uliopakwa mara moja tu huonekana kama ukuta, lakini mvua ya kwanza hupenya. Ndivyo ilivyo ngozi. Juu kabisa ina tabaka nyembamba, moja juu ya nyingine, na nyingi kati ya hizo hujengwa katika miezi ya mwisho ya mimba. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi saba ana tabaka chache. Aliyezaliwa kwa miezi sita karibu hana. Baada ya kuzaliwa, ngozi hukazana kujijenga, na mara nyingi katika majuma mawili mpaka manne huwa imepata nguvu. Wale wadogo sana hukawia zaidi.

Kwa sababu hiyo mambo matatu hutokea. Maji na joto hutoka mwilini upesi. Vijidudu huingia kwa urahisi, na vikiingia katika damu mtoto aweza kufa. Tena cho chote kinachopakwa juu ya ngozi hupenya na kuingia ndani. Kumbuka pia kwamba mwili wake ni mdogo: dawa kidogo kwako ni dawa nyingi sana kwake.

Basi, kidonda cha nepi ambacho kwa mtoto mnene wa miezi sita ni taabu ya siku mbili, kwa mtoto huyu ni mlango uliofunguliwa katika ukuta ambao tayari ni dhaifu.

Vidonda hivi hutoka wapi?

Umepata kufua nguo mchana kutwa? Umeona jinsi vidole vinavyolainika na kukunjamana? Mkojo hufanya vivyo hivyo kwa matako ya mtoto. Ngozi iliyolowa hulainika, na ngozi laini huchubuka nepi ikiisugua.

Lakini adui mkubwa ni choo. Ndani ya choo mna maji makali yatokayo tumboni na matumboni, yale yanayoyeyusha chakula. Maji hayo hayajui tofauti kati ya chakula na ngozi. Yakikaa juu ya ngozi, huanza kuila. Na choo kikichanganyika na mkojo, ukali wake huongezeka. Zamani watu walidhani kwamba ni harufu kali ya mkojo peke yake inayochoma. Leo twajua kwamba mkojo hufungua njia na choo ndicho kinachochoma. Kwa hiyo shika kanuni hii: mkojo waweza kungoja kidogo, choo hakingoji.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hunyonya mara nyingi na kupata choo kidogo kidogo mara nyingi. Akihara, hatari huongezeka. Akipewa dawa za kuua vijidudu kwa ajili ya ugonjwa mwingine, choo chake huweza kulegea, na kuvu hupata nafasi ya kuota. Maziwa ya mama humsaidia hapa pia, kwa maana choo cha mtoto anyonyaye hakina ukali kama cha mtoto apewaye maziwa ya kopo.

Sasa sikiliza neno hili, mama, wewe na mama mkwe wako na jirani zako. Vidonda vya nepi si alama ya mama mchafu. Hata katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, zenye maji ya moto mchana na usiku na wauguzi wengi, watoto hawa hupata vidonda hivi. Mama anayeona haya huficha kidonda, na kidonda kilichofichwa huenda ndani. Usifiche. Kionyeshe.

Namna ya kumtunza

Jambo la kwanza, osha mikono yako kwa maji na sabuni, kabla ya kufungua nepi na baada ya kufunga. Mkono uliotoka sokoni au jikoni usiguse kidonda.

Jambo la pili, fungua nepi mara kwa mara. Tazama kila mara unapomnyonyesha, mchana na usiku, kila saa mbili au tatu. Ukiona choo, badili mara hiyo hiyo. Twajua nepi za kutupa ni ghali, na kwa hiyo mama mwingine humwacha mtoto na nepi moja kutwa nzima. Lakini nepi nzuri iliyokaa na choo ndani ni mbaya kuliko kitambaa cha kitenge kuukuu kilichobadilishwa kwa wakati wake.

Jambo la tatu, safisha bila kusugua. Chukua maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka yawe vuguvugu. Yajaribu juu ya kifundo cha mkono wako. Chovya pamba au kipande cha kitambaa laini kilichochemshwa, ukikamue juu ya kidonda ili maji yashuke yenyewe na kuondoa choo. Kikombe kimoja cha maji chatosha. Sabuni haihitajiki juu ya kidonda. Karatasi zenye manukato au spiriti huchoma, usizitumie.

Jambo la nne, kausha kwa kugusagusa tu. Weka kitambaa kikavu, bonyeza polepole, inua. Usikivute juu ya ngozi.

Jambo la tano, paka marhamu ya zinki. Ni marhamu nyeupe, nzito, nayo hupatikana katika maduka mengi ya dawa. Usipake kidogo kama mafuta ya uso. Paka kwa unene, kama mtu apakaye siagi nyingi juu ya mkate, mpaka ngozi isionekane. Marhamu hii ni ukuta wa pili juu ya ule dhaifu: choo hukaa juu yake, hakigusi kidonda. Kama zinki haipo, tumia vaselini safi isiyo na manukato. Isiwe ile ya kopo la nyumba nzima, ambamo kila mtu hutia kidole.

Jambo la sita, ambalo wengi hulikosea: unapobadili nepi tena, usiondoe marhamu yote. Ondoa choo tu na ile marhamu iliyochafuka, kisha ongeza nyingine juu. Fundi wa nyumba habomoi ukuta wote kila mvua inyeshapo. Huziba pale palipobomoka. Mama akisugua mpaka marhamu yote itoke, huondoa pamoja nayo ngozi mpya iliyoota usiku.

Jambo la saba, funga nepi kwa ulegevu. Usiweke mfuko wa nailoni juu ya nepi ili kuzuia mkojo usilowe nguo. Nailoni hufunga unyevu ndani, na ngozi huiva kama chikwangi katika majani yake.

Ukifanya haya mambo saba kwa uaminifu, wekundu wa kawaida hupungua katika siku mbili au tatu. Lakini kama ngozi ya mtoto huyu mdogo imechubuka na kutoa majimaji, usingoje siku hizo tatu nyumbani. Mpeleke siku ile ile aonekane, na huku ukiendelea kumtunza hivyo.

Maji ya Goma na nepi za kitambaa

Wewe unayekaa Goma wajua shida ya maji. Twakaa kando ya ziwa kubwa, na bado mama huamka alfajiri kutafuta bidoni moja. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya moto yaliyopoa. Nyiragongo ulipomwaga moto tarehe 17 Januari 2002, mawe hayo yaliingia katikati ya mji. Na ulipomwaga tena tarehe 22 Mei 2021, mabomba ya maji yaliharibika na watu wengi sana wakabaki bila maji. Tena watu wazima wakumbuka mwaka 1994, wakati wakimbizi walipokunywa maji ya ziwa na kipindupindu kikaua maelfu. Kwa hiyo maji ya ziwa yasiguse kidonda cha mtoto kabla ya kuchemshwa. Yaache yatokote vizuri juu ya makaa, ndipo uyapoze katika chombo chenye kifuniko.

Nepi za kitambaa ni nzuri kama zikifuliwa vema. Fanya hivi. Ondoa choo na kukitupa chooni, si mtaroni. Loweka nepi katika ndoo yenye kifuniko. Fua kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato. Kisha suuza, na hapa ndipo maji machache yanapotaka akili: ukiwa na maji ya kusuuza nusu bidoni, usiyamimine yote mara moja. Yagawe mara tatu, ukamue nepi kwa nguvu kila mara. Maji yale yale yaliyogawanywa huondoa sabuni zaidi kuliko yakitumiwa kwa pamoja. Sabuni iliyobaki katika kitambaa kikavu huamka mkojo unapoilowesha, na kuchoma ngozi. Ukiona povu katika maji ya mwisho, suuza tena.

Mtoto mwenye kidonda, nepi zake zichemshwe. Zianike kwenye kamba juani, si juu ya mawe, kwa maana upepo wa Goma una vumbi kali. Tena kuna nzi ambaye hutaga mayai juu ya nguo zenye unyevu zilizoanikwa, na funza wake huingia katika ngozi. Kwa hiyo zikikauka, zipige pasi ya makaa pande zote mbili, na mishono pia. Moto wa pasi huua mayai hayo.

Hewa, bila baridi

Wazee husema, "Mwache mtoto bila nguo, kidonda kipate hewa." Wamesema kweli, hewa huponya. Lakini Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, upepo hutoka ziwani, na usiku ni wa baridi. Mtoto mdogo akiachwa uchi juu ya kitanda, baridi itamwua kabla ya kidonda. Joto la mwili wake linapaswa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5. Wala usimweke juani. Ngozi yake huungua upesi.

Iko njia inayompa hewa na joto pamoja. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, hospitali haikuwa na vyombo vya joto vya kuwatosha watoto wote, vile tunavyoviita kuvezi. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwafunga watoto juu ya vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi. Watu wakacheka kwanza, wakasema ni dawa ya maskini. Baadaye madaktari wakaipima njia hiyo katika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba ikianza mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vya watoto wadogo hupungua kwa robo. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto akae hivyo saa 8 mpaka 24 kila siku. Si dawa ya maskini tena. Ni dawa ya wote.

Basi, mtoto akiwa juu ya kifua chako, amevaa kofia na soksi, na kitenge kimemfunika mgongoni, fungua nepi yake nyuma. Weka kitambaa safi kilichokunjwa chini yake ili kupokea mkojo. Mwache hivyo dakika kumi au kumi na tano, mara chache kwa siku, wakati wa mchana chumba kikiwa na joto. Gusa miguu yake. Ikianza kupoa, funga nepi na kumfunika. Baba naye ana kifua, na aweza kufanya kazi hii mama anapolala.

Vitu visivyopakwa

Mwaka 1972 huko Ufaransa, wazazi walipaka watoto wao unga wa talki ulioitwa Morhange. Kiwandani, kwa makosa, dawa ya kuua vijidudu iitwayo heksaklorofeni ilikuwa imechanganywa humo kwa kiasi kikubwa mno. Wazazi walikuwa watu safi, wenye kuwapenda watoto wao. Walipaka unga mahali pa nepi, penye wekundu, ili watoto wapone. Sumu ikapita katika ngozi ikafika katika ubongo. Watoto zaidi ya 200 waliugua, na 36 walikufa. Wengi wa watoto hao walikuwa wa miezi yao kamili. Basi, si zaidi sana kwa huyu wako ambaye ngozi yake ni nyembamba?

Kwa hiyo usipake wala usinyunyize vitu hivi:

Unga wa talki, kwa maana pia huingia mapafuni. Unga wa boriki, ambao umewaua watoto katika nchi nyingi. Soda ya kupikia. Spiriti. Dawa ya meno. Majivu, mavi ya ng'ombe, na maji ya majani ya kienyeji. Unga wa vidonge vya kapsuli vilivyofunguliwa. Dawa hizo ni za kumezwa kwa amri ya mganga, si za kunyunyizwa juu ya kidonda.

Tena angalia sana mafuta ya kung'arisha ngozi, na tyubu nyingi zinazouzwa sokoni kwa ajili ya kila ugonjwa wa ngozi. Nyingi zina dawa kali ya jamii ya kortizoni. Wekundu huondoka siku ya kwanza, nawe wafurahi. Lakini dawa hiyo huzidi kuidhoofisha ngozi, hulisha kuvu, na ikiingia katika damu ya mtoto hudhuru ukuaji wake. Kortizoni hafifu hutolewa mara nyingine na mganga, kwa siku chache zilizohesabiwa. Ya sokoni, hapana.

Kama ni kuvu

Tazama vema mahali kidonda kilipo. Kidonda cha choo na mkojo hushika pale nepi inapogusa, juu ya matako na mapajani, na mara nyingi mikunjo ya kinena hubaki salama. Kuvu, ambayo wengine huiita fangasi, hupenda mikunjo. Hufanya wekundu mkali kama nyama, na pembeni vipele vidogo vidogo vilivyotawanyika, kama kuku na vifaranga vyake. Ukiona vifaranga, fikiri kuvu.

Kisha fungua kinywa cha mtoto. Kama kuna utando mweupe usiofutika kama maziwa, kuvu iko huko pia. Tazama chuchu zako. Kama zinachoma na kung'aa kwa wekundu, nawe wahitaji dawa, ama mtaambukizana kila siku. Dawa ya kuvu ni nistatini. Hupakwa kwanza juu ya ngozi, kisha marhamu ya zinki juu yake, kama mganga atakavyoagiza. Iendelee mpaka siku alizosema zitimie, hata kama ngozi imeonekana kupona mapema. Kwa watoto wadogo sana kuvu yaweza kuingia katika damu. Kwa hiyo asitibiwe nyumbani bila kuonekana.

Kidonda kisichosikia

Kama umefanya yote vizuri na kidonda hakiponi, usijilaumu, wala usibadilishe marhamu kila siku. Rudi hospitali, kwa maana huenda kisa hakiko juu ya ngozi bali ndani.

Yawezekana mwili umepungukiwa zinki. Sehemu kubwa ya zinki mtoto huipata kwa mama katika miezi ya mwisho ya mimba. Aliyezaliwa mapema hukosa akiba hiyo, naye hukua upesi. Ndipo vidonda hutokea mahali pa nepi, na kuzunguka kinywa, na juu ya mikono na miguu. Naye huhara na nywele huanguka. Marhamu ya nje haitoshi hapa. Mganga humpa zinki ya kunywa kwa kipimo chake, na ngozi huanza kupona katika siku chache.

Yawezekana pia ni kaswende aliyozaliwa nayo. Mtoto huwa na malengelenge au ngozi inayobanduka katika viganja na nyayo, na pua inayotoka makamasi. Mama, baba na mtoto wote wapimwe na kutibiwa. Penisilini huponya ugonjwa huu, na hakuna faida ya kugombana wakati mtoto anangoja dawa.

Dalili zisizongoja asubuhi

Mpeleke mtoto hospitali mara moja, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya:

Amekataa kunyonya, au amelegea na haamki vizuri. Mwili wake ni wa moto, au ni baridi hata baada ya kumweka kifuani. Anapumua kwa shida au anashikwa na degedege. Kidonda kinatoa usaha au damu, kina malengelenge, kinanuka vibaya, au wekundu unapanda tumboni au kushuka mapajani kwa upesi. Ngozi imekuwa ngumu au nyeusi.

Na hili usilisahau: ukiona damu katika nepi, usiseme moyoni, "Ni ya kidonda tu." Yaweza kutoka matumboni. Kama tumbo limevimba na anatapika kijani, ni ugonjwa mkali wa matumbo unaowashika watoto hawa, nao huua kwa saa chache. Njoo na ile nepi mkononi, mganga aione. Goma ina hospitali ya mkoa, ina HEAL Africa, ina CBCA Virunga, na vituo vya afya katika mitaa. Nenda kwa ile iliyo karibu nawe, mtoto akiwa kifuani, ngozi kwa ngozi, ili asipoe njiani.

Neno kwa baba, bibi, na washirika

Mama huyu hubadili nepi mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku. Huchemsha maji, hufua, hukamua maziwa, na halali usiku. Hawezi peke yake. Baba, bidoni ya maji na gunia la makaa ni dawa ya mtoto wako kama vile marhamu ilivyo. Usilete nepi za kutupa moja ghali na kumwambia aitunze mpaka jioni. Leta vitambaa vingi.

Bibi, umelea watoto wengi, na ujuzi wako ni mkubwa. Lakini huyu si kama wale. Mkono wako uliozoea kumsugua na kumkanda mtoto mnene, kwa huyu uwe mwepesi kama wa mtu ashikaye yai.

Nanyi akina mama wa kanisa, mnapokwenda kumwona mzazi, msiende kumtazama mtoto na kurudi na habari za kidonda chake. Chukueni kila mmoja bidoni yake, au mkodishe chukudu moja izipakie zote. Osheni mikono. Mmoja afue, mmoja apige pasi, mmoja apike. Mwenye mafua au kikohozi asalimie kutoka mlangoni.

Ngozi inapopona

Kwanza majimaji hukauka. Kisha mtoto huacha kulia unapomsafisha. Kisha ngozi mpya huota toka pembeni, nyororo na ya rangi hafifu kuliko ngozi nyingine. Usiogope rangi hiyo, wala usitafute dawa ya kuirudisha. Hurudi yenyewe baada ya majuma kadhaa.

Hata ngozi ikiwa imefunga kabisa, endelea na marhamu kila unapobadili nepi, kwa maana ngozi hiyo ni ya jana tu. Safisha bila kusugua, kausha, paka kwa unene, funga kwa ulegevu, mweke kifuani. Kila siku mtoto anapokaa bila kidonda, ukuta wake huongezeka tabaka moja, mpaka siku utakapomwogesha kwa sabuni kama watoto wengine, naye acheke.